Senti tatu za Lincoln: ufa wa mhuri, tarakimu mbilimbili na uvimbe wa ukingoni. Nisaidieni kuziainisha

Kibubu

Wakuu, habari zenu. Nina senti tatu za Marekani ambazo nataka kuziandikia kadi, lakini sitaki kuandika "kosa la kiwandani" kabla sijapata uhakika. Vifaa nilivyo navyo ni lenzi ya mkono ya mara 10, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa na taa ya mezani.

Ya kwanza ni ya 1956, gramu 3.10. Upande wa kichwa kuna mstari mwembamba unaoanzia ukingoni karibu na saa 1 (sarafu nikiisoma kama uso wa saa), unapita kwenye T ya kwanza ya TRUST na kuishia juu ya paji la uso la Lincoln.

Ya pili ni ya 1969 yenye alama ya S (kiwanda cha San Francisco) chini ya mwaka, gramu 3.12. Tarakimu zote nne na hiyo S zinaonekana mbilimbili, zote zimesogea upande mmoja. Maneno ya juu yapo sawa.

Ya tatu ni ya 1994, gramu 2.53. Kwenye saa 8 upande wa kichwa kuna uvimbe wa milimita 2 hivi, umefunika ukingo na kuingia kidogo uwanjani (sehemu bapa isiyo na mchoro).

Nitajuaje kama haya yalitokea wakati wa kupigwa sarafu na si baadaye mikononi mwa watu? Na ufa mdogo kama wa hiyo ya 1956, una maana yoyote au ni wa kurudisha kwenye fungu?

---

Lenzi_x10

Mkuu Kibubu, umefanya vizuri kupima uzito kwanza. Nianze na ya 1956, hiyo ndiyo yenye mengi ya kusoma.

Kwa mstari wowote, jambo la kwanza ni kujua kama umeinuka au umezama. Mhuri, yaani chuma chenye mchoro kinachopiga sarafu, ukipasuka, kila pigo linasukuma metali ya sarafu iingie kwenye ule ufa, kwa hiyo sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa baadaye huchimba. Macho hudanganyika sana hapa, na picha hudanganya zaidi. Kwa hiyo zima taa nyingine zote, acha moja, ishushe ikae karibu usawa wa meza upande wa kushoto wa sarafu. Mstari ulioinuka utang'aa ubavu wake wa kushoto na kivuli kitaangukia kulia. Mfereji utafanya kinyume: ukuta ulio karibu na taa ndio utakuwa gizani na wa mbali ndio utang'aa. Geuza sarafu robo duara urudie. Majibu yakipingana, hujaona vizuri bado.

Ukishajua umeinuka, usishangilie. Mhuri wenyewe unaweza kuwa ulikwaruzwa au ulisuguliwa kiwandani, na mikwaruzo hiyo pia huzaa mistari iliyoinuka. Tofauti inaonekana pale mstari unapokutana na herufi. Kwenye mhuri kila kitu kimegeuzwa: uwanja wa sarafu ndio sehemu iliyo juu kabisa, herufi na picha ni mashimo. Kifaa cha kusugulia kinagusa sehemu ya juu na kuruka mashimo. Kwa hiyo kwenye sarafu, mistari ya kusugua mhuri hufika kwenye mguu wa herufi, hukatika, halafu huendelea upande wa pili. Ufa haukatiki namna hiyo kwa sababu feleji yenyewe imeachana: mstari utatembea uwanjani, utapanda juu ya herufi na kushuka ng'ambo. Mkwaruzo uliopatikana mitaani ni kinyume cha yote mawili. Unaumiza kwanza sehemu za juu, yaani juu ya herufi na shavuni, na mara nyingi unaruka pale chini kabisa mguu wa herufi unapokutana na uwanja.

Kwa hiyo T yako ya TRUST ndiyo shahidi. Weka lenzi hapo utuambie: mstari unapanda juu ya T, unakatika, au umeikata?

Umbo nalo linasema. Ufa haunyooki kama rula. Huyumba, hutoa tawi, huwa mpana ukingoni na kukonda unapoingia ndani, na hupenda kutoka kona ya herufi moja kwenda nyingine, maana kona za mashimo ndizo zinazobeba mkazo mkubwa wakati wa pigo.

Sababu za kupasuka ni chache. Mhuri ni feleji iliyopashwa moto na kupozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha ikapashwa tena kwa kiasi ili ipunguze ukavu. Ikibaki kavu mno inapasuka mapema. Ikilainika mno uso unabonyea katikati. Hata ukiandaliwa sawasawa, unapigishwa mara maelfu kwa maelfu, na uchovu wa chuma huanzia penye kona kali au penye kasoro ndogo. Vibamba (vipande vya metali ambavyo havijapigwa bado) ambavyo havikulainishwa vya kutosha kwa moto vinauchosha haraka. Mihuri miwili kugongana bila kibamba katikati ni balaa zaidi.

---

Shaba95

Naichukua ya 1969-S, hii inawasumbua wengi kwa sababu mwaka huo na kiwanda hicho kweli vina senti maarufu ya mhuri uliorudufiwa.

Jibu fupi: S yako ikiwa mbilimbili pamoja na tarakimu, na maneno ya juu yakiwa mazima, hiyo siyo ile maarufu.

Wakati ule picha, maneno na mwaka vilikandamizwa kwenye mhuri kwa mhuri mama, na kazi hiyo ilihitaji mkandamizo zaidi ya mmoja. Mkandamizo wa pili usipokaa sawasawa juu ya wa kwanza, mhuri unabeba michoro miwili iliyopishana, na kila sarafu inayopigwa nao inatoka hivyo hivyo. Alama ya kiwanda haikuwemo kwenye mhuri mama. Iligongwa kwa mkono baadaye, kwa nyundo na msumari wake wa peke yake. Kwa hiyo kwenye 1969-S halisi ya mhuri uliorudufiwa, mwaka na maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST yanaonekana mbilimbili, lakini S iko moja. Ukiona S na mwaka vimesogea pamoja, upande uleule, kwa kiasi kilekile, ujue kilichosogea ni mhuri wakati wa pigo na si mchoro ndani ya mhuri. Mhuri uliolegea kwenye mashine hutikisika mara tu baada ya kupiga na kuburuta ubavu wa tarakimu.

Mburuto huo una sura yake. Chukua lenzi uangalie 9. Kama "tarakimu ya pili" ni bapa, inang'aa, iko chini kama ngazi, na tarakimu yenyewe imekonda kwa sababu ubavu wake umelimwa, ni mtikisiko. Kwenye mhuri uliorudufiwa, michoro yote miwili ina mgongo wa mviringo, tarakimu inakuwa nene kuliko kawaida, na kwenye pembe za herufi utaona mpasuko mdogo au pengo pale michoro inapoachana.

Kuna aina ya tatu, ya mhuri uliochakaa. Metali inayotiririka kuelekea ukingoni kwa mapigo mengi inalila umbo la herufi, na sarafu inatoka na kivuli kilichofifia, bila pengo, mara nyingi pamoja na uwanja ulioparara. Mfano wake unaojulikana ni senti za 1955 ambazo 5 ya mwisho ina kivuli. Zinauzwa kana kwamba ni ndugu wa 1955 halisi ya mhuri uliorudufiwa, ile ambayo zilitoka takribani 20,000 hadi 24,000. Hazina undugu wowote. Ile halisi unaisoma hata bila lenzi: mwaka mzima, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vimeachana waziwazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Marekani kilihamia kutengeneza mhuri kwa mkandamizo mmoja. Makosa hayakuisha, ila yalihama: kwenye senti za karibuni tafuta karibu na katikati ya sarafu, siyo kwenye maneno ya pembeni.

---

UkingoMzima

Ya 1994 mimi. Unachotaka kujua ni kama uvimbe huo ni kipande cha mhuri kilichomeguka ukingoni. Ufa ukitoka ukingoni na kurudi ukingoni, kile kipande kilichozungukwa mwishowe hung'oka. Penye tundu hilo sarafu haipati mchoro wala ukingo, inapata donge tupu lililoinuka. Kabla hakijang'oka kipande huwa kinacheza mahali pake, na sarafu inaonyesha pande mbili za ufa zikiwa kwenye usawa tofauti. Hatua hiyo nayo inatafutwa sana.

Kwa donge lako fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Pima kipenyo kwa kalipa ukipitisha taya juu ya donge, kisha pima sehemu nyingine mbili. Senti hii ina kipenyo cha milimita 19.05. Wakati wa pigo sarafu imebanwa na pete ya chuma pembeni, kwa hiyo donge la kweli linainuka juu lakini haliwezi kutokeza nje ya pete. Kipenyo kikizidi hapo tu, metali imesogezwa au imeongezwa baadaye.

2. Angalia upande wa nyuma, mahali panapolingana. Sarafu za Marekani hugeuzwa juu-chini, kwa hiyo saa 8 ya mbele ni saa 10 ya nyuma, kwenye neno UNITED. (Kwa sarafu za Uingereza na za euro, ambazo hugeuzwa kama ukurasa, saa 8 ya mbele ingekuwa saa 4 ya nyuma.) Metali iliyokimbilia kujaza tundu kwenye mhuri mmoja haikutosha kujaza herufi za mhuri wa pili, ndiyo maana donge la kweli huambatana na herufi zilizofifia upande wa pili. Kwa donge dogo la milimita 2 udhaifu huo unaweza kuwa kidogo sana, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

3. Chunguza mpaka wa donge na uwanja. Liwe metali moja, rangi moja, bila mshono. Gundi au lehemu huacha mshono. Gundi nyingi hulainika kwenye asetoni safi. Loweka dakika chache bila kusugua, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali.

4. Kwa senti za baada ya 1982, ambazo ni zinki yenye ngozi nyembamba ya shaba, usisahau malengelenge. Hewa ikinaswa chini ya shaba huvimba, wakati mwingine kwa mstari ulionyooka unaofanana na ufa kabisa. Gusa kwa ncha ya kijiti cha mti, taratibu. Lengelenge hubonyea, ufa haubonyei.

Uzito wako hauamui chochote. Kiwango ni gramu 2.50 na inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.10.

---

Kibubu

Asanteni sana. Nimerudi mezani.

1956: taa kushoto, mstari unang'aa kushoto na kivuli kiko kulia. Unapanda juu ya T na kushuka upande wa pili bila kukatika. Kabla ya paji la uso unatoa tawi fupi.

1969-S: sehemu ya pili ya 9 ni bapa na inang'aa, na 9 yenyewe imekonda. S hivyo hivyo.

1994: juu ya donge kalipa inasoma 19.31, kwingine 19.05 na 19.04. UNITED upande wa nyuma iko kali, ukingo wake kamili. Kwenye mguu wa donge, upande wa nje, rangi ni ya kijivu. Asetoni haikubadilisha kitu.

---

UkingoMzima

Basi ya 1994 imejibu yenyewe. Milimita 0.26 nje ya pete haziwezi kutoka kwenye mashine. Hicho kijivu ni zinki: ngozi ya shaba imechanika pale metali iliposukumwa. Zungusha sarafu uangalie ubavu wake karibu na donge, nategemea utakuta alama ya kugongwa. Andika "imeharibika baada ya kupigwa". Na usiihifadhi pamoja na nyingine, zinki iliyofunuliwa huoza haraka ikikutana na unyevu.

---

Lenzi_x10

Na ya 1956 ni ufa wa mhuri, bila shaka yoyote: umeinuka, umepanda herufi, una tawi.

Ila kuhusu kuiweka kando, nitasema wazi: ufa mwembamba wa aina hiyo ni wa kawaida kwa senti za miaka ya 1950, na wanunuzi wengi hawauongezei chochote. Kinachotafutwa ni ufa mnene unaovuka sarafu toka ukingo hadi ukingo, donge kubwa la ukingoni, au ufa uliopata jina. Dola ya Morgan (dola ya fedha ya zamani) ya 1888-O, O ikiwa kiwanda cha New Orleans, inayoitwa Scarface ni mfano mzuri, ufa wake unakata uso wa Liberty na unaonekana kwa macho matupu. Ukiwa na fungu la miaka ya 1950, tumia muda wako kuangalia kati ya B na E ya LIBERTY. Kipande kidogo cha mhuri kilichomeguka pale huacha nguzo inayosomeka kama I, na senti hizo zina watu wanaozikusanya kwa miaka na viwanda.

---

Shaba95

Hapo natofautiana na Lenzi_x10 kidogo. Ufa mwembamba una thamani ya kusomea, na hiyo hainunuliwi. Ufa hurefuka tu, haurudi nyuma. Kibubu akipata 1956 nyingine ya mhuri huohuo, yenye ufa unaoishia kwenye T tu, anajua hakika ipi ilipigwa kwanza. Akipata yenye ufa uliofika hadi LIBERTY, ana hatua ya tatu. Wakusanyaji wa dola za Morgan wanafanya hivyo kwa orodha ya VAM (inayoainisha mihuri ya dola hizo), na ndivyo mihuri mingi ya zamani ilivyopangwa kwa mfuatano.

Inamaanisha pia ufa ni kipimo cha ukweli. Kosa la mhuri lazima lijirudie kwenye sarafu nyingine mahali palepale. Kosa la pigo moja, mfano sarafu iliyopigwa nje ya kitovu, halijirudii vilevile. Kosa la kibamba nalo lina alama zake: kibamba kilichokatwa kikiwa na pengo kama mwezi hupata ukingo dhaifu upande ulio mkabala na pengo, kwa sababu kile kinu cha kuinua ukingo hakina cha kuegemea pale penye pengo. Pengo lililokatwa kwa msumeno baadaye halina udhaifu huo. Kabla ya kuuliza kosa linaitwaje, uliza lilitokea kwenye kibamba, kwenye mhuri au kwenye pigo. Kama halina mahali pa kutokea kati ya hapo patatu, limetokea nje ya kiwanda.

---

Lenzi_x10

Nakubali kuhusu mfuatano. Niongeze la mihuri kugongana, maana nililitaja juu juu.

Mihuri ikikutana bila kibamba, kila mmoja unaachia mwenzake chapa ya mchoro wake. Kwenye sarafu utaona uwanjani mistari hafifu yenye umbo la kitu cha upande wa pili. Nusu dola ya Franklin ya 1955 inayoitwa Bugs Bunny imepata "meno" yake hivyo: ni bawa la tai wa upande wa nyuma lililoangukia mdomoni. Mafundi huondoa chapa hizo kwa kusugua mhuri, na kusugua kukizidi kunafuta mchoro. Nikeli (sarafu ya senti tano) ya 1937-D, D ikiwa Denver, yenye nyati wa miguu mitatu ilitokea hivyo, mguu wa mbele wa kulia ulifutika. Wapo wanaokata mguu huo kwa tupa kwenye nikeli ya kawaida. Kwenye ya kweli kuna vidoti vilivyoinuka vinavyoshuka toka tumboni kuelekea ardhini; kwenye ya tupa hakuna, na pale mguu ulipokuwa uwanja umechimbika.

Usichanganye mgongano wa mihuri na kazi ya jiriwa. Mtu akibana sarafu mbili kwenye jiriwa, herufi za moja zinachapa nyingine zikiwa zimegeuka na *zimezama*, na upande wa pili wa sarafu unakuwa umebonyezwa bapa. Chapa ya mgongano wa mihuri imeinuka.

---

Kibubu

Nimeona alama ya kugongwa kwenye ubavu wa ile ya 1994, milimita moja kutoka kwenye donge. Imetoka kwenye fungu.

Swali la mwisho: kwenye kadi ya 1956 niandike nini, na picha nipigeje ili mtu mwingine aweze kulinganisha?

---

Shaba95

Andika mwaka, kiwanda (haina alama, kwa hiyo Philadelphia), uzito, kisha njia ya ufa kwa saa na kwa herufi: "upande wa kichwa, ukingo saa 1, kupitia T ya kwanza ya TRUST, hadi juu ya paji, tawi moja fupi kabla ya paji". Usiandike "ufa mkubwa" au "nadra", havimsaidii mtu kulinganisha. Acha nafasi chini ya kadi kwa hatua nyingine za mhuri huohuo.

Picha piga tatu: uso mzima taa ikiwa saa 10, uso uleule taa ikiwa saa 2, na ya karibu ya T peke yake. Simu iegemee kitu kisichotikisika, sarafu iwe bapa sambamba na kamera, na usitumie mwanga wa simu yenyewe, unafuta vivuli vyote. Mtazamaji akiwa na picha mbili za taa tofauti hataona mwinuko kama shimo.

Usiisafishe. Ishike ubavuni, iweke kwenye kadi yenye dirisha la Mylar (plastiki angavu isiyodhuru sarafu), siyo mfuko laini wa plastiki ya PVC, huo huacha utando wa kijani kwenye shaba. Pini za kadi zibonyeze kwa koleo zilale bapa, la sivyo zitakwaruza sarafu ya kadi inayofuata.